Mstari Unaopanda Waitwaje Mteremko?

Huenda wasomaji wetu wakashangaa kuikuta hesabu katika kurasa zilizozoea mashairi, methali na ngeli. Walakini jambo tunalotaka kulieleza ni jambo la lugha kwanza, na hesabu imelifuata nyuma kama mtumbwi ulioburutwa na jahazi.

Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukimsaidia binti mmoja, mzaliwa wa Palma katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani uitwao GRE, ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani huutumia kuwachagua wanafunzi wa shahada za juu. Nyumbani kwao husemwa Kimakwe na Kiswahili. Jamaa zake wa Mocímboa da Praia husema Kimwani. Shule alisoma kwa Kireno. Na mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Mji wa Palma uliposhambuliwa mwezi Machi 2021, masomo yake yalikatika, na jamaa zake wakatawanyika. Alipopata tena pa kukaa na kusoma, ada ya mtihani ilichangwa na ukoo mzima, na ufadhili alioutaka ulikuwa na siku yake ya mwisho. Kuufanya mtihani mara ya pili lilikuwa jambo lisilowezekana.

Tangu mtihani huo ulipofupishwa mwezi Septemba 2023, sehemu ya hesabu ina maswali 27 kwa dakika 47, yaani kila swali lapata kiasi cha sekunde 104 tu. Kikokotoo kimo ndani ya mtambo, na binti yetu hakuwa dhaifu wa kuzidisha wala kugawanya. Sekunde zake zilipotea njiani baina ya lugha na lugha, na zaidi zilipotea katika maswali ya majiranukta, yaani zile namba mbili zinazoonyesha mahali nukta ilipo juu ya mihimili miwili.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kidogo kama chembe ya mchanga. Msumbiji hufuata desturi ya Kireno, ambayo mkato hutenga namba kamili na sehemu yake. Tatu na nusu huandikwa 3,5. Kwa hiyo namba mbili za nukta aghalabu hutengwa kwa nukta-mkato, (3; 5), zisichanganyike. Waingereza na Wamarekani hutumia kitone mahali pa mkato, na mkato wao hutenga namba mbili. Basi binti alipoiona (3, 5) katika karatasi ya mazoezi, jicho lake lilisoma tatu na nusu, kisha likaanza kuitafuta namba ya pili ambayo haikupotea. Tuliliondoa tatizo hili kwa siku mbili tu, kwa kumtaka aisome kila nukta kwa sauti: “tatu kulia, tano juu.” Midomo ilifundisha jicho.

Kikwazo cha pili kilikuwa na mizizi. Siku moja alituuliza:

“Mwalimu, shuleni tuliambiwa *declive*. Ninyi mwasema mteremko. Maneno yote mawili ni ya kushuka. Mbona mstari huu unapanda?”

Swali hili, mwanangu, tulimwambia, lafaa kuulizwa mbele ya baraza la istilahi. Ni kweli kabisa. Katika Kireno *declive* ni ardhi inayoinama kwenda chini, na katika Kiswahili hakuna mtu aliyepata kupanda mteremko isipokuwa amegeuka akaanza kuuita mlima. Neno la Kiingereza halina upande. Laweza kupanda, laweza kushuka. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huusikia mteremko, akatia alama ya kutoa mahali ambapo hapana cha kutoa. Sisi tulianza kutumia neno mwinamo, ambalo tumelisikia pia kwa walimu wengine, kwa sababu kitu chaweza kuinama upande wowote.

Ili neno lipate mwili, tuliichukua ramani ya kwao. Palma iko karibu na dakika 46 kusini ya latitudo ya digrii 10, na dakika 28 mashariki ya longitudo ya digrii 40. Mocímboa da Praia iko karibu na digrii 11 dakika 21 kusini, na digrii 40 dakika 21 mashariki. Tukiifanya Mocímboa kuwa asili, yaani (0, 0), Palma itakuwa dakika 7 kulia na dakika 35 juu: (7, 35). Mwinamo wa mstari wa kuziunganisha ni 35 kwa 7, nao ni 5. Sasa geuza safari. Jahazi linaloondoka Palma kwenda kusini hushuka katika ramani dakika 35 na kurudi kushoto dakika 7. Kutoa 35 kwa kutoa 7 ni 5 ile ile. Binti alicheka. Mstari haujui nani anakwenda na nani anarudi. Wasafiri ndio wanaojua. Hapo ndipo alipoacha kuogopa kuchagua nukta ya kwanza na nukta ya pili, jambo lililokuwa likimla sekunde nyingi.

Umbali je? Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, kiasi cha mita 1,852. Na dakika ya longitudo katika sehemu hizo imepungua kidogo sana, hata twaweza kuisamehe. Kanuni ya Pythagoras yataka 7 kwa 7, ambayo ni 49, na 35 kwa 35, ambayo ni 1,225, jumla 1,274, na kipeuo chake cha pili ni karibu 35.7. Yaani kilometa 66 hivi. Lakini kabla ya kugusa kikokotoo tulimwuliza jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua: jahazi linalokwenda mbisho, likikata huku na huku dhidi ya kaskazi, husafiri zaidi au pungufu ya lile linalokwenda moja kwa moja? Zaidi, akajibu, hata hakufikiri. Basi njia ya moja kwa moja haiwezi kufika 42, ambayo ni 35 na 7 pamoja, wala haiwezi kuwa chini ya 35. Katika mtihani wenye majibu matano ya kuchagua, maarifa haya ya nahodha mara nyingi hufuta matatu kwa pumzi moja.

Kuna kanuni nyingine ya mtihani huo ambayo wengi huipita bila kuiangalia. Maumbo ya kawaida, kama pembetatu na duara, si lazima yawe yamechorwa kwa kipimo, jicho lisiyaamini. Bali michoro yenye mihimili ya x na y imechorwa kwa kipimo, na mtahiniwa ana ruhusa ya kukadiria kwa kutazama. Tofauti hiyo tuliisisitiza kuliko kanuni yoyote ya aljebra.

Lililobaki kutusumbua ni usemi “mstari huu hauna mwinamo.” Kusini ya mdomo wa Ruvuma kuna ardhi ya Kionga, ambayo imezungukwa na mto, bahari, na mstari wa latitudo ya digrii 10 dakika 40. Wajerumani na Wareno walikuwa wamepatana mwaka 1886 kwamba mpaka uufuate mto. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, na mstari ule mlalo ukawa mpaka. Wareno wakairudisha mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Watu wa kijiji kimoja waligeuka kuwa wa dola mbili kwa ajili ya mstari ambao mwinamo wake ni sifuri. Binti alikuwa na wazee wa Kionga, naye aliuchora mstari huo kwa kalamu nzito kuliko iliyohitajika.

Sifuri hiyo ni thamani kamili: kimo hakibadiliki, basi sifuri imegawanywa kwa urefu. Mlingoti uliosimama wima ni habari nyingine. Hapo twataka kugawanya kwa sifuri, na jibu halipo kabisa. Kusema kwamba yote miwili “haina mwinamo” ni kuiweka bahari tulivu na mlingoti katika neno moja, na mtihani huo hupenda kutega hapo hapo. Kwa mstari mlalo tumekubaliana kusema “mwinamo wake ni sifuri.” Kwa ule wa wima, binti yetu aliingia chumba cha mtihani na maneno “mwinamo wake hautajiki,” ambayo tuliyaunda jioni moja kwa haraka. Yalimtosha yeye, lakini sisi hatujaridhika nayo. Walimu wanaotumia neno jingine madarasani mwao, iwe Mtwara, Unguja, Mombasa au ng’ambo ya Ruvuma, tunawaomba watuandikie, pamoja na mfano wa swali walilolifundishia.