Tone la Damu na Kijia cha Kioo

Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hapimwi kwa njia apimwayo mtu mzima. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, ilhali kingamwili za mama huweza kusalia katika damu ya mwanawe hadi miezi 18. Kungoja muda huo ni hatari: pasipo matibabu, takriban nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Sharti basi zitafutwe chembe za urithi za virusi vyenyewe.

Kuzitoa ndani ya gamba lake ndiko kwenye kazi. Mwaka 1990, huko Amsterdam, Boom na wenzake walieleza njia ambayo ingali msingi hadi leo. Chumvi kali ya guanidini huvunja gamba na kuvilemaza vimeng'enya viharibifu. Chembe za urithi zikanata kwenye silika, jamii ya mchanga. Zikaoshwa kwa alkoholi, hatimaye zikabanduliwa kwa maji. (Wapenzi wa Kiswahili watatabasamu: silika hii si ile ya kuzaliwa nayo, ingawa hunasa kile ambacho kiumbe huzaliwa nacho.)

Mwaka uo huo, Andreas Manz alipendekeza nchini Uswisi kwamba shughuli za maabara zipunguzwe zienee kwenye kibao kidogo. Tangu hapo wahandisi wamechonga katika kioo na plastiki vijia vyembamba mithili ya unywele, wakavijaza silika. Kwa zahanati iliyozoea kupeleka matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi hadi maabara ya mbali, hiyo si habari ndogo.

Hata hivyo, udogo una gharama yake. Damu yenye virusi 1,000 katika mililita moja huwa, kwa wastani, na kirusi 1 tu katika mikrolita moja. Kijia kikionja mikrolita hiyo pekee, kirusi huenda kikakosekana, na mtoto mgonjwa akatangazwa mzima. Ustadi basi haumo katika kukifinya kijia zaidi, bali katika kukipitishia damu ya kutosha. Tena bila kuacha alkoholi, kwani masalio yake huzuia chembe hizo zisizidishwe na kutambuliwa.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha watoto kitumiacho kibweta cha GeneXpert, binamu mnene wa vibao hivyo. Hupokea mikrolita 100 za damu, na jibu hutoka baada ya dakika 90 hivi, mama akiwa angali kwenye benchi la zahanati.