Redio ya Ridhaa

Kwa wanafunzi wengi wa Kiswahili, neno ridhaa lina maana moja tu, nayo ni kukubali. Mgonjwa hutoa ridhaa yake kabla ya kupasuliwa; mzazi hutoa ridhaa yake binti anapoposwa. Lakini wasomaji wa kurasa za michezo walijua pia maana ya pili: mchezaji wa ridhaa ni yule achezaye kwa kupenda, bila ya malipo. Maana hizi mbili tulizikuta pamoja katika kazi ndogo ya kutafsiri tuliyoletewa na fundi mmoja wa Bwera. Twaona yafaa kuwaeleza walimu wenzetu, kwa kuwa inahusu wajibu wa mtu anayeaminiwa kwa sababu tu anajua lugha.

Bwera ni mji wa wilaya ya Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule husikilizana kwa lugha zao, na wageni wa sokoni huungana nao kwa Kiswahili. Fundi huyo alisoma ng'ambo, kwa Kifaransa na Kiswahili, na Kiingereza kinamshinda. Alitufikia mjini Kasese na karatasi mbili za Kiingereza na redio ndogo ya mkononi. "Mwalimu," alisema, "nisaidie. Mwenyewe anataka niifungule." Kufungula ndivyo wasemavyo wengi wa kule, sisi twasema kufungua.

Redio yenyewe ilikuwa miongoni mwa zile ziitwazo redio za ridhaa. Watumiaji wake ni watu wapendao mawasiliano ya mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, si kwa biashara. Kila mmoja hupewa kibali na alama yake ya kuitia. Alama za Uganda huanza na 5X, za Kenya 5Z, za Tanzania 5H na za Kongo 9Q, kama vile kiambishi cha ngeli kinavyotangulia shina la nomino. Katika Afrika wamegawiwa, pamoja na masafa mengine, yale ya megahezi 144 hadi 146 na yale ya 430 hadi 440.

Mipaka hiyo huwekwa kiwandani. Kiwanda huunda ubao mmoja wa saketi kwa ajili ya nchi nyingi, kisha huweka kijipande kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi, kinachoiambia redio mipaka ya nchi iendako. Aghalabu redio huweza kusikia nje ya mipaka hiyo, ila haiwezi kusema humo. Fundi akikiondoa kijipande hicho kwa chuma cha kulehemu, kisha akaianzisha redio upya, itaweza kusema mahali pengi ambapo hapo kwanza iliweza kusikia tu. Kazi hiyo yote Kiswahili huitaja kwa kuongeza irabu moja: funga, fungua, kama vile ziba, zibua, tega, tegua.

Mwenye redio alikuwa na malori, naye alitaka madereva wake wazungumze njiani kati ya Kasese na Bwera bila ya kununua muda wa simu. Haja yake haikuwa mbaya. Tukaanza kutafsiri. Tulisita kidogo kati ya kutangaza na kupeleka, tukachagua kupeleka, maana anayetangaza husema na umma, na huyu alitaka kusema na dereva wake. Tulipofika sentensi ya mwisho, iliyosema kwamba kufungua redio hakumpi mtu ruhusa ya kupeleka katika masafa asiyopewa, fundi alitabasamu. "Hiyo iache, Mwalimu. Hiyo si ya ufundi."

Hatukuiacha. Tulimweleza kwamba mawimbi ya redio kama hiyo huzuiwa na mlima, lakini mto hauyazuii. Mtu akisimama juu ya kilima cha Bwera, sauti yake yaweza kusikika Kasindi, kwenye alama za 9Q, bila ya kupita kwa afisa yeyote wa forodha. Tena masafa ambayo hatusikii mtu kwa dakika chache si lazima yawe matupu. Yumkini yamegawiwa watu wanaoyahitaji saa ya hatari. Nasi twazijua saa za hatari. Mwezi wa Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka huu, na wagonjwa wakapelekwa Bwera kutengwa na kutibiwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Katika mahali kama hapa, sauti ngeni katika masafa ya watu walio kazini yaweza kumkatiza mwenye kuomba msaada, na yaweza kumfanya dereva asiye na hatia ashukiwe. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 nayo yataka kila atumiaye masafa awe na leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo redio ya ridhaa yataka ridhaa?" Hatukuwa na tafsiri bora kuliko hiyo. Watumiaji wema wa redio hizo wana desturi ambayo Mswahili aielewa mara moja: kabla ya kusema, husikiliza kwanza, kisha huuliza kama masafa yana mtu. Hiyo ni hodi. Mlango ulio wazi haujampa mgeni karibu.

Tulimpa karatasi zote, pamoja na sentensi ile, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Alimsomea mwenye malori, akamwambia kwamba zipo redio zilizoundwa kwa kazi za biashara, na kwamba masafa yake huombwa. Mwenye malori aliichukua redio yake ikiwa bado imefungwa. Kama aliipeleka kwa fundi mwingine, hatukuuliza.

Walimu wenzetu wataletewa karatasi za namna hii: za dawa, za mikopo, za mashine. Anayeleta hawezi kujua ni sentensi ipi iliyoachwa, na kwa hiyo onyo lisiachwe kwa kudhaniwa si la ufundi. Darasani nako wanafunzi wapewe zoezi la kutafsiri maelezo ya kifaa chochote, kisha wabadilishane madaftari, kila mmoja atafute kilichopotea katika kazi ya mwenzake. Vitenzi vya kutendua watavijua upesi. Zoezi lenyewe hasa ni kutafuta kilichopotea.