Fedha za Maskini, Shauri la Nani?

Ndugu wasomaji, leo nataka kuwaungamia kosa langu moja, maana nadhani si langu peke yangu.

Sisi wa Makobola tunakaa kati ya milima na ziwa Tanganyika. Mlimani tunalima mihogo, ziwani tunavua ndagala. Ziwa linatulisha, lakini maji yake hutuletea kipindupindu, ugonjwa uliokwisha kuwa mwenyeji katika pwani hii, toka Uvira mpaka Baraka. Basi, miaka michache iliyopita, watu wema walitoa fedha tupate bomba la maji safi. Ikafanywa halmashauri ya watu sita: mkubwa wa kijiji, mwalimu wa shule, mwuguzi, wachuuzi wawili, na mimi katekista, kwa kuwa najua kuandika. Tulikutana saa tatu asubuhi, na kabla ya saa sita shauri lilikwisha: bomba lisimamishwe kando ya barabara, lifungwe kwa kufuli saa kumi na mbili jioni, na kila nyumba ilipe mwisho wa mwezi. Tukapongezana.

Jioni ile nikakutana na mama mjane akishuka mlimani na mzigo wa mihogo mgongoni. Nikampasha habari kwa furaha. Akautua mzigo, akaniuliza:

“Mwalimu, bomba litafungwa saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili, mama.”

“Mwanangu, mimi nafika nyumbani giza likiwa limeingia. Na hizo fedha za mwisho wa mwezi, ni nani anayenilipa mimi kwa mwezi? Napata ya leo, nakula leo. Basi, nitaendelea kuchota ziwani.”

Akajitwika mzigo wake, akaenda zake.

Usiku ule sikulala vema. Sisi sita hatukuwa watu wabaya, wala hatukuiba hata franka moja. Lakini hakuna kati yetu aliyezoea kurudi nyumbani gizani na kiu. Umaskini una elimu yake, nayo sikufundishwa seminarini. Yule mama alijua saa na bei ambazo sisi hatukuzijua.

Labda mtasema: “Maskini waliitwa, hawakuja.” Ni kweli, tuliwaita. Lakini saa tatu asubuhi kibarua yumo shambani mwa watu. Akija barazani, watoto wake watalala na njaa. Hata akija, atakaa nyuma na kunyamaza, kwa maana mdeni hampingi mwenye duka anayemkopesha chumvi.

Hapa kwetu Kivu ya Kusini, na katika majimbo ya jirani, mpango ulioitwa Tuungane ulianza mwaka 2007. Uliongozwa na mashirika ya IRC na CARE, kwa fedha za serikali ya Uingereza. Wanavijiji walichagua halmashauri zao, wakachagua na kazi za kujenga. Katika vijiji vingine ilikuwa sharti wanawake wawe sawa na wanaume katika halmashauri. Wataalamu walipotoa matokeo ya uchunguzi wao mwaka 2012, walionyesha kwamba desturi za watu za kuamua mambo na kudai hesabu hazikuonekana kubadilika, na sharti lile halikuleta tofauti kubwa. Tusikate tamaa kwa hayo. Yatufundishe tu kwamba kiti peke yake hakitoshi.

Kumbukeni kisa cha Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume waliwaambia waamini wachague watu saba; nayo majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Upande uliolalamika ndio uliokabidhiwa mgawo.

Nasi tulirudi barazani, mara hii jioni, penye uwanja wa kuanikia mihogo. Akina mama wachukuzi walizungumza kwanza wao kwa wao, ndipo tukakaa wote. Hesabu ilisomwa kwa sauti, franka kwa franka. Ikakatwa kwamba bomba lifungwe saa mbili usiku, na mtu alipe kwa bidoni moja moja. Haikuwa bure: ilibidi mlinzi aongezwe posho, na fedha za ua zikaishia hapo. Mchuuzi mmoja alikasirika, akajitoa. Yule mama mjane aliingia halmashaurini, na mara ya kwanza kabisa alinipinga mbele ya watu. Iliniuma, lakini alikuwa na haki.

Basi, ndugu, wewe unayeshika kalamu ya halmashauri, kabla hujaandika neno “tumekubaliana”, tazama waliokaa. Kisha uulize: ni nani hayupo, na saa hii yuko wapi?