Barua ya Kujitoa Chamani Sikuitia Sahihi

Mimi ni muuguzi na mkazi wa Kitengela. Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya muuguzi mwenzangu ambaye ameshaandika barua ya kujitoa katika chama chetu cha wauguzi, ila bado hajaipeleka kwa mwajiri. Nami niliwahi kuwekewa barua kama hiyo mezani, tena wakati nilipokuwa na dhiki kuliko wakati wowote maishani. Hospitali niliyofanyia kazi sitaitaja, maana yaliyonipata mimi yaliwapata wauguzi nchi nzima.

Mgomo wetu ulianza tarehe 5 Juni 2017. Madaktari walikuwa ndio kwanza wamemaliza wao wa siku 100, uliokwisha mwezi Machi. Sisi tulidai mkataba wa pamoja wa mishahara, ule tulioutaja kila siku kwa jina la CBA, utiwe sahihi na usajiliwe. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zilikuwa mikononi mwa kaunti, kwa hiyo tulitupwa huku na huku: mara ni magavana, mara ni Tume ya Mishahara na Marupurupu. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi. Watu walipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, kura zikarudiwa tarehe 26 Oktoba. Katika vishindo hivyo, nani angemkumbuka muuguzi?

Mshahara ulikoma. Kitengela si mji wa kukaa bila pesa. Kodi ya nyumba haingoji, na maji ya kunywa tulikuwa tunanunua kwa mtungi, yakiletwa kwa mkokoteni. Nilipunguza nyama, nikapunguza maziwa, mwisho nikawapeleka watoto kwa mama yangu kijijini ili wapate angalau maharagwe ya shambani. Mkopo wa sacco ukawa unalimbikiza riba. Siku za soko nilitandaza nguo za mitumba kando ya njia, na wateja wengine walikuwa ni akina mama niliowazalisha mwenyewe. Wananitazama, wananunua, wananiongezea shilingi hamsini bila kusema neno. Mama mboga wa ploti yetu aliniandikia deni kwenye daftari lake mpaka ukurasa ukajaa, kisha akafungua mwingine. Namwombea baraka hadi leo.

Njaa niliivumilia, lakini kuna usiku mmoja uliniumiza zaidi ya njaa. Jirani yangu, mimba yake ya kwanza, alishikwa na uchungu saa nane. Mumewe alinigongea mlango. Nilimkuta ameinamia kitanda, nikapima muda kati ya uchungu mmoja na mwingine kwa saa ya simu, nikaona muda umebaki mchache. Hospitali ya umma, aliyokuwa akihudhuria kliniki bila malipo, haikuwa na wauguzi. Tukampeleka ya kibinafsi. Alijifungua salama mtoto wa kike, lakini bili ile walikuja kuilipa kwa kuuza pikipiki ya mume, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Nilirudi nyumbani nikilia. Anayedhani muuguzi hugoma kwa kuwa hana huruma, hajaona usiku kama ule.

Ni katika hali hiyo tulipokutana sebuleni kwa mwenzetu mmoja, mwezi wa Oktoba, kuamua kama tubaki chamani au tutoke. Barua zilikuwa tayari, zimechapwa, zimeachwa nafasi ya jina na sahihi tu.

"Mimi nimechoka," akasema kijana mmoja wa wodi ya upasuaji. "Ada tunakatwa, hesabu hatusomewi, na habari za mgomo wetu wenyewe tunazisikia redioni. Hii ni faida gani?"

Wengi waliitikia, na alikuwa na haki ya kulalamika. Tawi letu la chama lilikuwa limekaa muda mrefu bila kuita mkutano.

Ndipo akazungumza Sista mmoja aliyekuwa amekaribia kustaafu, ambaye sote tulimwita Mama. "Wanangu, hesabu ni haki yenu, zidaini. Lakini ukishatoka, utazidai kama nani?"

Akatufafanulia sheria bila haraka. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inasema mwajiri hulazimika kukitambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Basi kila barua ya kujitoa inaipunguza nusu hiyo. Tena mkataba ukishasajiliwa, asiye mwanachama naye anaweza kuagizwa kukatwa ada ya uwakilishi, kwa sababu anafaidika nao. "Utakatwa," akasema Mama, "na kura huna."

Baadhi ya wenzetu walitia sahihi usiku ule, na sikuwalaumu; kila mtu alijua deni lake. Mimi nilikataa. Wale tuliobaki tuliandika barua nyingine, hii ya kwenda kwa tawi: tusomewe mapato na matumizi, na mkutano uitishwe. Tukaanza pia kuchangiana unga na mafuta, aliyepata zamu za kibarua katika kliniki za kibinafsi akimkumbuka aliyekosa. Ndivyo tulivyofika mwisho wa mgomo tukiwa bado tunasalimiana.

Tarehe 2 Novemba 2017 chama chetu cha kitaifa, KNUN, na magavana walitia sahihi makubaliano ya kurudi kazini. Hatukupata yote tuliyodai, ila marupurupu ya huduma za uuguzi na ya sare yaliahidiwa kupandishwa. Miezi michache baadaye tawi liliita mkutano, na hesabu zikasomwa mbele yetu, ukurasa kwa ukurasa. Hilo lilitokana na barua yetu. Na Desemba 2020, korona ilipokuwa ikiua wauguzi, wengi wakikosa mavazi ya kujikinga na bima, kulikuwa na chama cha kusimama kudai. Mtu mmoja mmoja nani angemsikiliza?

Mungu alinivusha, na alitumia watu: mama mboga, jirani, wenzangu wa sebuleni. Kwa hiyo nakusihi, muuguzi mwenzangu, hasira yako ipeleke mkutanoni. Uliza maswali, dai risiti, na kiongozi asiyetosha mwondoe kwa kura. Ikibidi, gombea wewe. Ada unayokatwa ni pesa yako na chama ni mali yako. Usiwaachie wengine.