Sanduku la Mlimani

Nilichaguliwa kuwa katibu kwa sababu nilikuwa na kalamu. Hakuna aliyegombea wala aliyepiga kura. Tulikuwa wahandisi wahitimu saba, tumeketi kwenye viti vya plastiki nyuma ya mgahawa mjini Morogoro, Jumamosi moja ya mwaka 2008, tukibishana namna ya kufufua miradi ya maji iliyokufa vijijini bila kumsubiri mfadhili. Mmoja akauliza nani anaandika haya tunayosema. Wote wakanigeukia. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, kwa hiyo nilijua wananitazama kwa sababu mbili. Ya kalamu niliikubali. Ya pili niliimaliza papo hapo: chai kila mtu atajimiminia.

Neno kujitolea lilikuwa limeshanichosha kabla ya siku hiyo. Nilimaliza uhandisi ujenzi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwaka 2006, nikasambaza barua za maombi hadi fedha ya bahasha ikaisha, kisha ofisi moja ikanipokea "kwa kujitolea". Nilijitolea miezi kumi na minne. Sikulipwa mshahara wala nauli. Nilichora, nilipiga mahesabu, niliandika ripoti, na mwisho wa ripoti palikuwa na sahihi ya mtu mwingine. Mkuu wangu alikuwa na maneno matamu: vumilia mwanangu, nafasi zikitoka wewe ndiye wa kwanza. Nafasi zikatoka. Aliyepata hakuwahi kukalia kiti changu kibovu hata siku moja.

Nalitaja hilo kwa kuwa vijana wengi hadi leo wako katika viti vya namna ile, na wanaambiwa kwamba huko ndiko kujenga uzoefu. Mimi nakuita kufanya kazi bila malipo. Anayejitolea huchagua Jumamosi yake mwenyewe, na jina lake hubaki kwenye alichokifanya, kiwe kimesimama au kimeanguka. Tofauti hiyo sikuijua kwa kufikiri. Niliijua pale changu kilipoanguka.

Mwaka 2007 nilipata bahati ya kuingia katika mpango wa mafunzo ya wahandisi wahitimu unaoendeshwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mpango huo ulianza mwaka 2003. Mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya msimamizi, anajaza kitabu cha kumbukumbu za kazi zake, na ndipo anapoomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Msimamizi wangu alikuwa mzee mkimya, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo mwanzo wa Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973. Siku moja alikipekua kitabu changu chote, akavua miwani.

"Umeandika 'nilishiriki' mara kumi na moja. Sasa wewe ulifanya nini?"

Sikuwa na jibu, na halikuwa kosa la mkandarasi niliyekuwa naye. Kwenye eneo la ujenzi mhandisi mhitimu ni mtu wa kumi. Zege likiamuliwa, limeamuliwa juu yako. Ukikosea, wapo tisa wa kukudaka. Ndiyo maana mwenzangu aliponialika kwenye ule mgahawa sikusita. Nilitaka mahali ambapo mtu wa miaka ishirini na sita analazimika kuamua.

Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa ubavuni mwa milima ya Uluguru, na kilikuwa na mradi wa maji ya mserereko wa zamani. Mserereko hauna pampu, dizeli wala umeme. Maji yanakingwa kwenye banio juu mlimani, yanaingia kwenye bomba, na uzito wake wenyewe unayashusha hadi vituo vya kuchotea. Vituo vilikuwa kumi na kimoja, vinne tu vilitoa maji. Michoro haikuwepo. Mtendaji wa kijiji alisema iliondoka na mzungu, kauli ambayo nimeisikia vijiji vingi hata nikaanza kuhisi huyo mzungu ana maktaba kubwa.

Katika mkutano wa kwanza niliwasomea wanakijiji Sera ya Maji ya mwaka 2002: kila mtu lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kila bomba la kuchotea lihudumie watu 250. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani, mweka hazina wa kamati ya maji, akanyoosha mkono.

"Hizo lita ni ndoo ngapi, mwanangu?"

"Ndoo moja na robo, mama."

"Hiyo robo nitaibeba kwenye nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo mahesabu yangu ya kijijini nayafanya kwa ndoo.

Kazi ilikwenda kwa Jumamosi sita. Daftari la kikundi ninalo hadi leo, na kurasa zake za mwanzo zimejaa nauli: nani kamkopesha nani, nani hakuja na ametuma udhuru gani. Nilidhani huo ni ukarani tu. Taratibu niligundua kwamba anayejua nani atafika na nani ana spana ndiye anayeulizwa, "Sasa tunafanyaje?" Mwenyekiti tulikuwa naye, kijana hodari wa kuzungumza. Ila maswali yalikuja kwa katibu.

Jumamosi ya tano tulipanda kufuata bomba kuelekea kwenye banio. Nilifunga kanga juu ya suruali kwa heshima ya wazee, nikajuta kila mita. Katikati ya njia, ndani ya magugu, tulikuta chemba ndogo ya zege yenye mfuniko uliopasuka. Maji yalikuwa yakifurika na kumwagika bondeni, mchana kutwa, wakati akina mama huko chini wanapanga ndoo foleni. Moyo ulinichemka. Tukashauriana dakika chache, wakanitazama mimi, nikaamua: tulikate bomba juu na chini ya chemba, tuliunganishe moja kwa moja, na upotevu huu uishe leo.

Mzee mlinzi wa chanzo alikuwa amekaa juu ya jiwe, ananoa panga. Akauliza polepole, "Mjukuu wangu, hilo sanduku mnaliweka nje, limewakosea nini?"

Nikamweleza kwa adabu kwamba linavuja. Akasema, "Haya," akaendelea kunoa.

Jioni ile vituo tisa vilitoa maji, kwa nguvu ambayo watoto walikuwa hawajaiona. Tulipigwa vigelegele. Tulipewa ndizi na kuku wawili, ambao walirudi nasi mjini wakiwa hai kwenye paa la basi.

Bomba lilipasuka usiku wa siku ya tatu.

Inanibidi nieleze ilivyokuwa, kwa sababu kosa lenyewe ni zuri kwa kujifunzia, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angelijibu sahihi kwenye karatasi ya mtihani. Kila mita kumi za kimo cha maji huzaa presha ya takriban baa moja. Bomba la plastiki la sehemu ya chini lilikuwa la daraja la PN 6, yaani linahimili baa sita. Tulipokuja kupima kwa livo ya kuazima, siku mbili za kupanda na kushuka, tulikuta tofauti ya kimo kutoka kwenye banio hadi kituo cha chini kabisa ni mita 112. Lile sanduku lilikuwa mita 55 chini ya banio. Kazi yake ilikuwa kuyavunja nguvu maji: yanaingia, yanakutana na hewa ya kawaida, presha inarudi sifuri, kisha yanaanza safari upya. Kufurika kwake hakukuwa ubovu wa sanduku. Valvu ya boya ndani yake ilikuwa imeshikwa na kutu ikiwa wazi, basi.

Tulipolitoa sanduku, mchana hakuna kilichotokea, kwa kuwa maji yalikuwa yakitembea na msuguano ulikula sehemu ya presha. Usiku watu walipofunga mabomba wakalala, maji yakasimama, na uzito wote wa mita 112 ukalikalia bomba la baa sita. Baa kumi na moja. Waswahili wana maana nyingine ya neno baa, na sizungumzii ile ya bia.

Maji yalitoka ardhini katika shamba la maharage la mjane mmoja na kusomba matuta manne. Kijiji kikakaa bila maji siku tisa, hata vile vituo vinne vya zamani.

Kikundi kiligawanyika kabla hatujarudi huko. Mwenyekiti alishauri tuseme bomba lilikuwa chakavu. Halikuwa uongo kamili, na ndiyo sababu ulikuwa ushauri wa hatari. Wawili waliacha kupokea simu. Mimi nilimwendea msimamizi wangu nikitegemea ataniambia hayo ni mambo ya nje ya kazi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Nani alisema kateni?" Nikasema mimi. Akasema, "Basi nenda ukaseme huko."

Nilisimama chini ya mwembe mbele ya mkutano wa kijiji, magoti yakinitetemeka ndani ya gauni refu. Nilisema sanduku lile tulilitoa kwa amri yangu, kwamba sikupima kabla ya kukata, na kwamba mzee aliuliza na sikumsikiliza. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mweka hazina akafungua daftari lake na kusoma, bila hasira, kiasi kilichotoka kwenye mfuko wa maji kununulia viungio vyetu. Fedha ile ilikuwa ya ndoo, shilingi juu ya shilingi. Akauliza tutarudisha lini. Aliuliza kama anavyoulizwa mtu mzima, na hilo lilinipa nguvu kuliko kama wangenisamehe.

Tulirudisha kwa miezi mitatu, tukiwa watu wanne. Tulijenga chemba mpya palepale, tukaweka valvu mpya ya boya na bomba la kutolea maji ya ziada. Mjane tulimlipa mbegu na siku mbili za jembe, na jembe langu lilichekwa sana. Mzee mlinzi alilikagua sanduku jipya kwa kuligonga na mpini wa panga. Nikamuuliza alijuaje. Akasema yeye ndiye aliyebeba mchanga wa lile la kwanza, na fundi wa wakati ule aliwaambia: maji yakishuka mlima bila kupumzika yanakuwa na wazimu. Sijapata kusikia maelezo bora ya chemba ya kuvunja presha, Mlimani wala kwingineko.

Katika kitabu cha kumbukumbu niliandika ukurasa mzima, na neno "nilishiriki" halimo. Mwaka 2011 nilipoitwa kwenye usaili wa kusajiliwa, kazi zangu za miezi kumi na minne sikuweza kuzithibitisha, maana hazikuwa na jina langu. Waliosaili walisoma ukurasa wa sanduku, wakaniuliza kwa zaidi ya nusu ya muda wangu. Mmoja aliuliza ningefanya nini kama kijiji kisingekuwa na mzee yule. Nilijibu ningepima. Akasema, "Na akiwepo?" Nikasema ningemuuliza kwanza, kisha ningepima.

Sasa nami nasimamia wahitimu. Wakija na barua za kuomba kujitolea ofisini nawaambia ukweli: kazi za ofisi tunalipia, na kama fungu halipo, sichukui mtu. Wapo wanaoondoka wakidhani nawabania. Wakitaka Jumamosi, Jumamosi zipo. Kikundi bado kipo, kimebadilika watu mara tatu, na kuanzia mwaka 2019 maji ya vijijini yalipowekwa chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini tunaomba kibali kabla ya kugusa bomba, jambo ambalo zamani lingetuokolea matuta manne ya maharage.

Mweka hazina yule amezeeka, ameshakabidhi daftari kwa mwingine, lakini namba yangu hajaikabidhi. Wiki iliyopita alipiga nikiwa kwenye kikao cha zabuni. Nikatoka nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maji yamebadilika rangi tangu juzi."

Nikamuuliza ni vituo vyote au vya chini tu, na kama mvua ilinyesha mlimani. Alijibu yote, na kabla sijauliza akaongeza kwamba sanduku wameshalikagua, ni zima. Nikamwambia nitakuja Jumamosi na vijana wawili.

"Jumamosi ni mbali," akasema. "Lakini njooni."