Kiswahili na Swali la Nafsi

Sisi tufundishao Kiswahili Jinja na Mbale huulizwa mara kwa mara na wanafunzi wetu kama lugha hii yaweza kubeba fikira nzito. Swali hilo lina mizizi. Wazee wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari, na amri ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa ilitoka kwa serikali ya kijeshi ya Idi Amin. Tangu mwaka 2005 katiba yakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Walakini sheria haiondoi dhana moyoni mwa kijana. Aaminiye kwamba Kiswahili ni lugha ya kuamrishia tu atakisoma kwa ajili ya mtihani, kisha atakiacha. Ndiyo sababu twapenda kukipima kwa mzigo mzito: maswali ya wanafalsafa wa Ulaya na wa Bara Hindi juu ya nafsi, ukweli na ujuzi.

Tutazame neno moja: najijua. Kiambishi cha mwanzo chaonyesha mwenye kujua, na -ji- chaonyesha mwenye kujulikana, nao ni mtu yule yule. Je, yawezekana? Descartes, Mfaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1641, alitia shaka kila kitu, hata mwili wake, akaona kwamba mwenye kutia shaka hawezi kukana kuwa yupo. Hume wa Uskoti, katika kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1739, alisema kwamba kila alipojitazama ndani alikuta joto au baridi, upendo au chuki, asimkute mwenyewe. Wahindi walikwisha kulijadili jambo hili zamani sana. Katika Upanishad, mwenye hekima Yajnavalkya auliza mjuzi atajulikana kwa njia gani. Wabudha walifundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Shankara, yapata karne ya 8, aliwapinga: nafsi ipo, nayo ni moja na Brahman, ukweli wa vyote.

Basi si vema mwalimu kusema Wazungu huwaza hivi na Wahindi vile. Katika jambo hili Hume yu karibu na Wabudha kuliko alivyo karibu na Descartes.

Nasi pia tuna neno la kuongeza. Waswahili husema mtu ni watu. Hapa Mbale Wagisu hufanya jando la imbalu kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kijana husimama mbele ya kaumu nzima. Hawi mwanamume kwa kujitazama ndani. Huwa mwanamume kwa kutazamwa. Hili ni jibu, wala si mila tu.

Kuhusu ujuzi, wafuasi wa Nyaya katika Uhindi walitaja njia nne: kuona kwa hisi, kukata shauri kwa dalili, kufananisha, na kauli ya mtu mwaminifu. Mfano wao mashuhuri wa dalili ni moshi mlimani: panapofuka moshi pana moto. Mwanafunzi wa Mbale hahitaji kufafanuliwa. Aone tu moshi juu ya Wanale. Njia ya nne ndiyo itugusayo sisi. Locke wa Uingereza hakukubali kwamba rai za wengine zielezo vichwani mwetu ni ujuzi wetu. Wa Nyaya waliikubali kauli, ila kwa sharti kwamba msemaji alijue jambo na aseme kweli. Mengi ayajuayo mtoto darasani ameyapokea kwa kauli yetu. Sharti hilo ni letu.

Lugha yetu yenyewe yaeleza tulivyokutana na majirani. Kutoka Uhindi tulipokea duka, gari na chapati. Akili, nafsi, hakika na elimu zilitujia kwa Kiarabu. Hata falsafa ni neno la Kiyunani lililopitia kwa Waarabu. Tuliishi na Wahindi Jinja miaka mingi, tukajifunza maneno ya soko na jiko, tusiwaulize wanawaza nini. Mwaka 1972 wakafukuzwa. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliyakuta majina yao juu ya milango ya maduka. Wengine wamerudi, na fursa ya kuuliza imerudi nao.

Muhula mmoja tuliwapa wanafunzi wa Jinja fikira ya Heraclitus, Myunani, kwamba mtu hawezi kuingia mto ule ule mara mbili. Tukawakumbusha kwamba majivu ya Gandhi, sehemu yake, yalitiwa hapa kwenye chanzo cha Naili mwaka 1948, na kwamba maporomoko ya Ripon yalizama baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka 1954. Je, mto uliopokea majivu yale ndio huu? Mmoja akasema maji yamekwenda, basi mto ni mwingine. Mwenzake akajibu kwamba hata yeye si mtoto aliyezaliwa, na mama yake angali akimwita kwa jina lile lile. Wakabishana mpaka kengele ikalia. Ndugu walimu, tangu mwanzo hadi mwisho hakuna aliyekumbuka kuuliza kama Kiswahili kinatosha.