Kosa la Nahodha na Makosa ya Wengi

Ajali haikosi mkosaji, na mkosaji aonekanaye kwanza ni yule aliyekuwa karibu nayo. Katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, ipitayo Fukayosi, lori likipinduka watu husema, "Dereva amekosea." Yamkini ni kweli, lakini kweli hiyo ni ncha ya uzi. Nani alikagua breki? Nani alipima ujira wake kwa wingi wa safari, hata usingizi ukawa hasara?

Jens Rasmussen wa Denmark alieleza mwaka 1997 namna ya kuufuata uzi huo. Ajali huchorwa kama ngazi: chini kabisa ni chombo na mahali, juu yake wafanyakazi, kisha wakubwa wao, kampuni, wakaguzi, na kileleni serikali na sheria zake. Katika kila kipandio mchunguzi huuliza uamuzi gani ulifanywa, na kwa nini aliyeufanya aliuona kuwa wa busara siku ile. Kila mmoja, kwa kupunguza gharama au kazi, husogea kidogo kuelekea ukingoni, wala haoni hatua za wenzake.

Bahari ielekeayo Bagamoyo imetoa mfano mchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Nahodha aliweza kukataa kuondoka. Lakini halaiki kama hiyo haipandi melini kwa siri. Ilipita bandarini, mbele ya macho mengi.

Kumfunga mtu mmoja hutuliza hasira, wala hakuhesabu abiria wa kesho. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Chombo kilikuwa kingine na maji mengine, lakini shehena ya watu kupita kiasi ilikuwa ile ile.

Wako wahofuo kwamba uchunguzi wa namna hii huificha hatia katika umati. Hofu hiyo haina msingi. Kosa si mkate, hata likigawiwa kila mtu apate kipande kidogo. Aliyeshika usukani hubaki na lake zima. Aliyetia sahihi cheti, na aliyeiona sheria ikivunjwa akanyamaza, kila mmoja huanza kuulizwa lake.